Babifuti: meza ya kweli ni ipi? Wakusanyaji hawasikilizani

Babifuti ni mpira wa miguu unaochezwa juu ya meza. Wachezaji ni sanamu ndogo za mbao, za aluminiamu ao za plastiki, zimefungwa kwenye vyuma vinavyovuka uwanja, na mwenye kucheza anazungusha chuma kwa mkono ili kupiga kipira. Kwenye masenta mengi ya Kivu ya Kaskazini meza hii inaonekana mbele ya kioski, kando ya nganda ao karibu na parkingi ya wamotari. Mara nyingi ni kazi ya seremala wa hapo hapo, kwa mbao za hapo hapo.

Kile wengi hawajui ni kwamba Ulaya na Marekani kuko watu wanaokusanya meza hizi. Wanazitafuta zikiwa zimezeeka, wanazitoa kwenye kafe zilizofungwa na kwenye depo zenye vumbi, wanazisafirisha kwa bei kali, kiisha wanabishana bila mwisho: meza ya kweli ni ipi? Ni ya Kifaransa ao ya Kihispania? Kipa awe mmoja ao watatu? Meza ya zamani ipakwe rangi upya ao iachwe na makovu yake?

Mtu anaweza kusema hayo ni maneno ya watu walioshiba. Si kweli yote. Seremala wa Mushaki anayepewa komande ya babifuti anapambana na maswali yale yale, na yeye akikosea hapotezi raha tu, anapoteza mbao, vyuma na mteja.

Ilitokea wapi

Hakuna inchi moja inayoweza kusema babifuti ni mtoto wake peke yake. Uingereza ina karatasi: Harold Searles Thornton aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1921, ikakubaliwa mwaka 1923, na mchoro wake unafanana sana na meza ya leo. Wafaransa wana Lucien Rosengart, mtu wa magari, anayesemwa kwamba aliwatengenezea wajukuu wake mchezo huo katika miaka ya 1930. Watu wenye kusoma mambo hayo wanaonyesha pia hati nyingine za mwisho wa karne ya 19, za michezo inayofanana na hiyo.

Hadithi ya Mhispania ndiyo ambayo mkaaji wa Masisi ataielewa haraka kuliko mkusanyaji wa Paris. Alejandro Finisterre alikuwa na miaka 17 wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Uhispania mwaka 1936. Bomu liliangusha nyumba juu yake mjini Madrid. Alitolewa akiwa na majeraha, akapelekwa hospitali upande wa Katalonia. Huko aliwakuta watoto wengi walioumizwa na mabomu, wengine wamekatwa miguu, wasioweza tena kukimbia nyuma ya mpira. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaza hivi: kama kuko tenisi ya mezani, kwa nini isiwepo futboli ya mezani? Alimwendea seremala mmoja Mbaski, Francisco Javier Altuna, akamweleza anachotaka, na yule akaitengeneza. Hati ya uvumbuzi ilipatikana Barcelona mwanzo wa mwaka 1937. Kiisha vita vikamfukuza. Alivuka milima ya Pirenei kwa miguu kukimbilia Ufaransa, mvua ikanyesha njiani, na makaratasi yake yakaharibika.

Wakusanyaji wa Uingereza wanajibu kwamba Thornton alitangulia miaka zaidi ya 10, na kwa tarehe wana haki. Lakini meza ya Kihispania ilitoka kwa Finisterre na seremala wake, na ilitengenezwa juu ya watoto waliojeruhiwa vitani. Hilo halifutwi na karatasi ya London.

Meza haziko sawa

Mtu aliyezoea meza moja tu anafikiri zote ni moja. Uwanja wa kawaida una urefu wa karibu sentimeta 120 na upana wa karibu 70, na vyuma ni nane, vinne kwa kila upande. Kwenye meza nyingi kila timu ina wachezaji 11: kipa mmoja, walinzi wawili, watano wa katikati na washambuliaji watatu. Baada ya hapo, kila inchi inafuata njia yake.

Meza ya Kifaransa inajulikana zaidi kwa jina la Bonzini, kampuni iliyoanza mwaka 1927, karibu na Paris. Sanduku lake ni la mbao ngumu, wachezaji ni wa aluminiamu, uwanja umefunikwa na lino, na kipira ni cha korki. Korki juu ya lino haitelezi sana. Kwa hiyo mchezaji mwenye ujuzi anaweza kukanyaga kipira chini ya mguu wa sanamu, akakisogeza polepole, akamdanganya adui, kiisha akapiga. Ni mchezo wa mkono mwepesi. Wapenzi wake wanasema meza nyingine zote ni kelele tu.

Mhispania anacheka akisikia hivyo. Kwenye meza yake sanamu zina miguu miwili iliyoachana kama mtu kamili, kipira ni kigumu, na uwanja umepinda kidogo pembeni ili kipira kirudi kati. Miguu miwili inabadilisha kila kitu: kipira kinaweza kushikwa kati ya miguu, ao kupita kati yake kama mchezaji hakuangalia. Mkusanyaji mwenye kupenda futboli atasema sanamu yenye mguu mmoja wa bapa, sawa jembe, haifanani na mtu.

Waitalia wanajulikana kwa uwanja wa kioo. Kampuni kama Garlando na Roberto Sport zinatumia kioo kigumu ambacho kipira kinakimbia juu yake kama juu ya barafu. Wajerumani wana Leonhart yao, nzito na imara, isiyo na mambo mengi.

Wamarekani walichelewa. Mchezo ulifika kwao kwa nguvu katika miaka ya 1960 toka Ujerumani, na neno lao foosball linatokana na jina la Kijerumani la futboli. Meza yao kubwa ni Tornado ya Texas. Inaweka sanamu tatu kwenye chuma cha kipa badala ya moja. Sababu si kutaka makipa wengi. Kwenye meza yenye kipa mmoja, kipira kinaweza kukwama kwenye kona, fasi ambayo hakuna mguu unaofika. Mafundi wa Ulaya walitatua tatizo hilo kwa kuinua kona, ili kipira kiteremke chenyewe. Mmarekani aliacha uwanja wake bapa, akaongeza sanamu mbili pembeni ya kipa. Sanamu zake zimepimwa uzito, kichwa na miguu vikilingana, kwa hiyo mchezaji akiziinua zinabaki juu bila kushikwa.

Mwaka 2002 lilianzishwa shirikisho la dunia la mchezo huu, linaloitwa ITSF. Kama lingechagua meza moja, lingepoteza nusu ya wanachama siku hiyo hiyo. Lilikubali meza tano pamoja: Bonzini, Garlando, Leonhart, Roberto Sport na Tornado. Kwenye kombe la dunia mchezaji anatakiwa kujua zaidi ya meza moja. Kwa wakusanyaji uamuzi huo haukumaliza neno. Kila mmoja anausoma kama ushahidi kwamba meza yake ni halali.

Makovu yabaki ao yafutwe?

Ugomvi mkali zaidi si wa inchi. Ni wa ginsi ya kutunza kitu cha zamani.

Kundi la kwanza linasema meza ya kafe ya mwaka 1950 inabeba maisha yake mwilini. Alama za sigara kwenye ukingo, rangi iliyotoka kwenye mabega ya sanamu, jina la mtu lililochorwa kwa kisu, vyote ni sehemu ya kitu. Ukipiga msasa, umefuta. Watu hawa wanakubali kusafisha na kutia mafuta, basi. Sanamu ikivunjika wanatafuta nyingine ya fabriki ile ile na ya umri ule ule, hata kama itachukua miaka miwili kuipata.

Kundi la pili linasema meza ilitengenezwa ichezwe. Kama uwanja umepinda na kipira kinaenda peke yake upande wa kushoto, hiyo si historia, ni meza mbovu. Wanabadilisha lino, wananyoosha vyuma, wanaweka vikombe vipya fasi vyuma vinapopenya sanduku, wanapaka rangi ya timu wanayopenda.

Kuko hata mabishano juu ya vyuma vyenyewe. Vile vya zamani vingi vinapita moja kwa moja na kutokea upande wa pili. Mchezaji akisukuma kwa nguvu, ncha inatoka na inaweza kumpiga tumboni, ao usoni kama ni mtoto mfupi, mtu aliyesimama ngambo. Vyuma vya kuingiana, kimoja ndani ya kingine, havitoki nje. Mkusanyaji mkali anaona vyuma hivyo vinaharibu uhalisi wa meza ya zamani. Mzazi anaona jino la mtoto wake. Hapa mzazi ndiye mwenye haki, na hakuna mabishano marefu ya kufanya.

Makabati ya michezo ya video

Mabishano hayo yamehamia pia kwenye mashine zilizokuja kuinyang'anya babifuti wateja: makabati ya michezo ya video. Kabati hapa si ile senta ya Kabati ya Masisi. Ni sanduku refu lenye ekrani, vifungo na kitundu cha kuingiza pesa, fasi mtu anasimama na kucheza. Mwanzo wa miaka ya 1980 makabati hayo yalijaza mabaa na kumbi za Marekani, na mashindano makubwa ya babifuti yaliyokuwa yakigawa zawadi za pesa nyingi huko yakaanguka.

Kabati la kwanza la kuuzwa kwa watu wengi, Computer Space la mwaka 1971, lilikuwa na umbo la mviringo na rangi za kung'aa, kama kitu kilichoshuka toka angani. Mchezo wenyewe haukufurahisha watu sana. Mwaka uliofuata kampuni ya Atari ilileta Pong ndani ya sanduku la kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoleta pesa. Wakusanyaji wa leo wanatamani la kwanza juu ya umbo lake, jambo ambalo linaonyesha kwamba mwenye kukusanya na mwenye kucheza hawaangalii kitu kimoja.

Toka hapo mitindo iliachana. Wamarekani walipenda kabati la kusimama, mbao zake zimechorwa picha kubwa pembeni. Lile la Pac-Man la 1980, la njano, ndilo linalojulikana zaidi. Japani, wakati wa Space Invaders mwaka 1978, makabati mengi yalikuwa meza fupi: ekrani iko chini ya kioo, wachezaji wawili wanakaa uso kwa uso, kahawa inawekwa juu. Baadaye Wajapani wakatengeneza kabati jeupe la chuma na plastiki la kukaa mbele yake kwenye kiti, kama Astro City ya Sega ya mwaka 1993. Kabati hilo halina picha ya mchezo wowote. Unabadilisha plake ya ndani, mchezo unabadilika.

Kwa Mmarekani mkusanyaji, kabati lisilo na mchoro wake halina roho. Kwa mpenzi wa Kijapani, kabati la mbao la mchezo mmoja ni samani inayokula nafasi ya bure. Na kuko wa tatu, wanaotoa kila kitu ndani ya kabati la zamani, wanaweka kompyuta yenye programu ya MAME, iliyoanza mwaka 1997 na inayoweza kufungua maelfu ya michezo ya zamani. Wa makundi mawili ya kwanza, wasioelewana kwa lolote, hapo wanasimama pamoja kulaani.

Shida yao kubwa ni ekrani. Karibu makabati yote ya zamani yalitumia ekrani nzito za kioo kama televizioni za zamani, na hizo hazitengenezwi tena kwa wingi. Ikiungua, mwenye kabati anachagua: anunue ekrani nyembamba ya kisasa na picha ibadilike, ao aache kabati likiwa limekufa lakini safi. Wengine wanachagua kifo. Ndiyo sababu babifuti ya mbao, isiyoomba umeme wala plake, inaweza kukarabatiwa na fundi wa kijiji hata baada ya miaka 60.

Kwa seremala wa huku

Turudi milimani. Tofauti zile za wakusanyaji zinakuwa nini mikononi mwa fundi wa barabara ya Sake–Masisi?

Kwanza, kona. Seremala akiweka kipa mmoja na kuacha uwanja bapa, kipira kitalala kwenye kona na wachezaji watagombana kila dakika. Ainue kona kwa vipande vya mbao vilivyochongwa kwa mteremko, ao afuate Wamarekani na sanamu tatu kwa kipa. Njia ya pili inaomba sanamu nne zaidi kwa meza nzima, lakini kazi ya uwanja ni rahisi. Kama mbao za sanamu zipo na mkono wa kuchonga mteremko haujazoea, watatu ni shauri jema.

Pili, mbao. Karatusi iko nyingi kwenye milima ya Masisi na bei yake ni nafuu, lakini ikitumiwa mbichi inapinda na kupasuka. Kwa sanduku, iwe imekauka vizuri chini ya kivuli. Libuyu inayotoka kwenye pori inatulia zaidi, na bei yake inajulikana. Kwa uwanja, mbao ndefu zilizounganishwa zitavimba kwa unyevunyevu wa Mushaki na kuachana wakati wa kiangazi. Tripleksi nene iliyopakwa rangi inavumilia zaidi, na juu yake mtu anaweza kubandika kipande cha lino akitaka mchezo wa polepole wa Kifaransa. Rangi ya mafuta inayoteleza italeta mchezo wa haraka wa Kiitalia bila kununua kioo.

Tatu, vyuma. Kama hakuna pesa ya vyuma vya kuingiana, ncha ya upande wa pili ifunikwe na kipande cha kauchu cha matairi. Wale wafupi wasimame kwenye ubao, kama wanavyofanya tayari.

Kuko jambo la nne ambalo wakusanyaji wa Ulaya hawaliwazi hata kidogo. Wao wanasifu sanduku lililounganishwa kwa gundi na meno ya mbao, lisiloonyesha hata msumari. Ni kazi nzuri, na meza ya kafe ya namna hiyo inaweza kupita kilo 80. Tokea vita viliporudi mwisho wa mwaka 2021, familia nyingi za Masisi zimekimbia zaidi ya mara moja, na kitu kisichobebeka kinaachwa, kiisha kinakuwa kuni. Mwenye meza aliyeacha meza ameacha pia mapato yake ya kila siku.

Kwa hiyo kwa huku meza bora ni ile inayofunguka. Miguu minne ifungwe kwa bulo na si kwa misumari. Mbao mbili ndefu na mbili fupi za sanduku ziunganishwe kwa bulo kwenye kona, uwanja uteremshwe juu ya vipande vya kushikilia bila gundi. Kila kipande kiandikwe namba kwa kisu chenye moto, upande wa ndani, ili mtu mwingine aweze kuirudisha hata kama fundi hayupo. Vyuma nane vikiwa na sanamu zake vinafungwa pamoja kwa kamba ya kauchu. Vyote vinaingia kwenye chukudu moja, na ufunguo wa bulo ubaki mfukoni mwa mwenye meza. Akifika fasi mpya, aanze na uwanja: chupa ya maji ilazwe juu yake, Bubble ndogo ya hewa ikae katikati, kiisha ndipo afunge miguu kwa nguvu.